Zamu ya Wekesa Kushika Rimoti

Siku ile mwanangu Sikuku aliponitia rimoti mkononi mbele ya watu na kusema, "Baba, endesha wewe," laiti ningekataa. Ningemkabidhi rafiki yangu Wekesa pale pale, gari lipande jiwe, twende tukale kuku. Sikukataa. Lakini hata nyinyi wa rika langu, mliosukuma magari ya waya mkaota sugu viganjani, hamtaelewa uzito wa jambo hili nisipoanzia mbali kidogo. Nivumilieni.

Enzi zetu gari halikununuliwa dukani. Mimi na Wekesa tulikulia upande ule wa Bungoma wenye mawe makubwa kama nyumba, na gari letu lilianza kwa kuchungulia ua wa jirani, tukiona waya gani umelegea. Magurudumu tuliyakata kwenye slipa kuukuu. Kama slipa haikuwa kuukuu, tulingoja mwenyewe alale. Mama alizunguka boma lote akitafuta slipa ya kushoto huku ya kushoto ikimpita mbio, imekatwa vipande vinne, inanguruma kwa mdomo wangu. Baba alilitazama gari langu akasema, "Hilo halikamui ng'ombe." Mama yeye alisema nikioa nimwambie bibi yangu apike waya.

Shuleni tuliyaegesha nje ya darasa kwa mstari, kama ya wakubwa kwenye mkutano wa DC. Ole wako usipojua hesabu, maana mwalimu alitoka nje akachomoa usukani wa gari lako mwenyewe, ule waya mrefu, akakuchapa nao. Ukirudi nyumbani unalisukuma gari lisilo na usukani, umeliinamia kama mtu anayepalilia. Jioni tulifukia viazi vitamu kwenye majivu, tukavila na maganda yake, midomo myeusi, tukibishana gari la nani linapanda mawe.

Ubishi huo ulikuwa na sheria moja tu, na hakuna mtoto aliyeivunja: aliyeunda gari ndiye anayeendesha kwanza. Hata kama waya ni wako, slipa ni ya mama yako na kijiji ni cha babu yako, unangoja zamu. Tulikua, tukapashwa tohara mwaka mmoja, na tangu hapo Wekesa akawa bakoki wangu. Wa kwetu wanajua maana yake. Bakoki wako anaweza kukutukana mbele ya mkweo na huna ruhusa ya kukasirika. Unamrudishia tu, kubwa zaidi. Wekesa alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alikuwa karani wa maji hadi akastaafu, na nadhani maji yaliogopa kupotea kwa sababu ya mdomo wake.

Sasa tufike miaka ile ya elfu mbili, wakati simu zilikuwa na tochi na mtu akisifiwa kwa hilo. Mimi nilikuwa nimehamia Kitale, nina shamba la mahindi na magoti mabovu. Sikuku, aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo, akaleta gari la kuchezea la mwanawe: magurudumu makubwa yenye meno, linaendeshwa kwa rimoti, limeundwa kwa ajili ya kupanda mawe. Mjukuu alilichezea asubuhi moja, akarudi kwenye katuni. Watoto wa siku hizi wanachoka kabla ya kuanza. Gari likabaki juu ya kabati mpaka Jumamosi moja Wekesa alipokuja kutoka Bungoma kunitembelea. Alilitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Bakoki, hili gari ni lako ama ni la kabati?"

Tulilipeleka kwenye rundo la mawe nyuma ya zizi. Likapanda kidogo, likapinduka chali. Tukaliinua, likapinduka tena. Lilisimama juu sana, kama jogoo kwenye matope, springi zikisukuma mwili wake juu. Wekesa akachuchumaa, akakumbuka kwamba magari yake ya waya hayakusimama hivyo. Enzi zile ekseli alizifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, vikavuta mwili chini mpaka tumbo likakaribia ardhi, na magurudumu yakaning'inia huru, yakijitafutia mashimo yenyewe. Basi tufanye vivyo hivyo, akasema. Tugeuze kazi ya springi: badala ya kusukuma mwili juu, ziuvute chini. Gari lilale, gurudumu lishuke.

Ikaanza miezi ya furaha ambayo sijaipata tena. Kila Jumamosi tulifungua zile shokabsoba nne zinazobeba springi, nyembamba kama kidole cha mtoto. Springi za nje tulizitupa. Tulihitaji springi ndogo za kukaa ndani, chini ya pistoni, na hakuna duka Kitale nzima lililokuwa nazo. Wekesa akatazama kalamu mfukoni mwangu, ile ya kubonyeza. Tangu siku hiyo hapakuwa na kalamu salama nyumbani kwangu. Mhazini wa kanisa alikuja kuniomba sahihi, akarudi na kalamu isiyobonyezeka.

Msidhani tulifaulu mara moja. Tulichanganya springi za kalamu tofauti, upande mmoja ngumu, mwingine laini, gari likalalia kushoto kama mlevi anayetafuta ukuta. Tukatia mafuta ya injini ndani ya shokabsoba, yakawa mazito. Gurudumu likifika shimoni lilibaki hewani, linafikiria. Mke wangu, Mama Sikuku, alipita na ndoo ya maziwa akasema wazee wenzetu wanagombea viti vya kanisa, sisi tunaoga grisi. Mwishowe Wekesa akajaribu mafuta mepesi ya cherehani, na springi za kalamu za aina moja pande zote, akazipunguza kwa koleo mpaka uzito wa gurudumu peke yake ukatosha kulishusha. Tukaliweka kwenye mawe. Likatambaa kwa tumbo, polepole, mguu mmoja ukishuka, mwingine ukipanda, mwili umetulia kabisa. Wekesa alicheka mpaka akakaa chini.

Krismasi hiyo tulikuwa nyumbani Bungoma sote. Sikuku na marafiki zake waliokuwa na magari kama hayo, mmoja alitoka Kachibora, wakapanga mashindano kwenye yale mawe yetu ya utotoni, siku ya pili ya sikukuu. Zawadi ni jogoo. Wekesa alikwenda kwake akawatangazia wajukuu wake wote kwamba babu yao ataendesha. Walimcheka, wakamwambia ati babu hata rimoti ya televisheni humshinda. Akawaleta wote waone, wakajipanga mbele wamevaa nguo za Krismasi. Yeye mwenyewe alivaa koti.

Wengine wakapinduka. Ikafika zamu yetu, Wekesa akasogea, akanyoosha mkono. Hapo ndipo Sikuku akanipa mimi rimoti, kwa kuwa gari ni letu, na wakwe zake walikuwa wakitazama. Nilijua sheria. Niliujua mkono ule ulionyooshwa. Lakini watu walikuwa wakipiga makofi, na mimi nikaona utamu.

Gari lilipanda. Wallahi, lilipanda kama kinyonga, likakaa juu ya jiwe. Watu wakanibeba kwa maneno. Mtu akauliza ni fundi gani aliyelitengeneza hivyo likawa limelala namna ile. Nilimwona Wekesa akiinua uso. Na mimi, kwa kuwa bakoki hakasiriki, kwa kuwa nilitaka kuwachekesha wakwe, nikasema, "Ni mimi. Huyu kazi yake ilikuwa kunishikia tochi."

Watu walicheka. Wajukuu wa Wekesa walicheka kuliko wote. Nikangoja anirudishie, maana tusi lake huwa limeiva kabla sijamaliza langu. Akafunga vifungo vya koti.

"Asante, mzee," akasema. "Hongera."

Tangu tuote ndevu hakuwahi kuniita mzee. Alinipa mkono kama anavyompa mkono chifu, akawakusanya wajukuu wake, wakaondoka. Mkubwa wao bado alikuwa akiigiza mtu anayeshika tochi.

Jumamosi iliyofuata nilitoa viti viwili nje. Na iliyofuata. Nikajiambia atakuja akitulia; nikajiambia mimi ndiye mwenye gari, siwezi kumfuata mtu Bungoma kwa sababu ya mzaha. Wakati huo wote basi la Kitale kwenda Bungoma lilikuwa likipita mbele ya lango langu kila asubuhi. Nilisikia anaumwa kutoka kwa mtu wa sokoni, kama habari za mtu wa mbali. Nilifika siku ya mazishi. Walipoita bakoki wake waseme neno, nilisimama, nikaona wale wajukuu wake wakiinua macho, nikaketi.

Siku hizi wajukuu wangu wanaendesha magari kwenye simu. Magari yao hayahitaji waya, mafuta ya cherehani wala kalamu ya mhazini, na yakipinduka yanajisimamisha yenyewe. Nawacheka, lakini kimya kimya, maana nimeona wakipokezana ile simu: anayeshinda anampa mwenzake bila kuambiwa. Enzi zetu tulijua hivyo pia, tulipokuwa wadogo kuliko wao.

Nikiwasimulia habari za slipa ya Mama hawaamini, na hakuna aliyebaki wa kuniambia, "Unadanganya, bana, ilikuwa ya kulia." Nilikubali kushika rimoti kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Kulinigharimu Wekesa, rafiki wa maisha yangu yote, na alikufa akiamini kwamba kwangu alikuwa mshika tochi.