Siku Nilipowatafsiri Wakroatia

Niliishia darasa la saba, lakini malori manne yanatoka Haltom City, huku ughaibuni, kila asubuhi na yote ni yangu. Kabla ya malori nilikuwa mtafsiri wa filamu Mbagala. Waliokulia kwenye vibanda vya video wananielewa: Mchina anafoka kwenye skrini, mimi nashika kipaza sauti na kusema anachosema. Kichina sikukijua. Hakuna mteja aliyewahi kudai arudishiwe kiingilio.

Kwa hiyo binti yangu alipochumbiwa na kijana wa Kikroatia wa Missouri City, mimi sikuhangaika. Aliyehangaika ni mama yangu.

"Ukoo gani huo?" aliniuliza. "Wanaishije? Wanakufaje? Mjukuu wangu simwozi gizani."

Na binti alishaapa: bila ndiyo ya bibi yake, harusi hakuna.

Tukaendesha saa nne na nusu mpaka kwao. Baba wa kijana, mchomeleaji mstaafu, hana ndugu huku wa kutuonyesha. Ana filamu za kwao, kabati zima. "Tujueni kwa hizi," alisema, kwa Kiingereza kibovu kama changu. Binti akataka kumtafsiria bibi yake.

"Kaa, binti yangu," nikamwambia. "Kazi hii ina wenyewe."

Ya kwanza ilikuwa ya vita. Enzi nchi yao ikiwa ndani ya Yugoslavia, mzee mkwe alieleza, walitengeneza nyingi za wapiganaji wa msituni waliopigana na Wajerumani. Chini kulikuwa na maandishi ya Kiingereza, lakini yalikimbia. Sijamaliza neno la pili, mstari umeshaondoka. Nikaachana nayo.

"Huyu mwenye masharubu," nikasema, "ndiye babu wa bwana harusi."

Kazi ilinipanda kichwani, basi. Dakika mbili hazijaisha, masharubu kapigwa risasi darajani.

Mama akajipiga paja. "Ukoo wa kufa vijana! Hapana."

Nikamwomba mkwe aweke nyingine haraka. Hii ilikuwa ya baada ya vita vyao vya miaka ya tisini, walipoanza, alisema, kujicheka wenyewe. Akatokea padri mzee. Mwigizaji yuleyule!

"Si alikufa huyu?"

"Alipona, mama. Akaweka nadhiri, akawa padri."

Padri akamkumbatia mwanamke jikoni.

"Na huyo?"

"Dada yake."

Akambusu mdomoni, busu refu. Wakroatia wote wakaangua kicheko mpaka machozi. Mama akawatazama mmoja mmoja. "Babu yao anafanya ufirauni, wao wanacheka?"

Nimetafsiri miaka sita Mbagala, sijawahi kukwama. Hapo nilikwama.

Mkwe, hajui lolote, akaweka ya tatu: katuni. Zagreb, mji wao mkuu, alisema kwa fahari, kulikuwa na wachoraji waliotumia mistari michache na maneno karibu hakuna, na dunia nzima ikawapa tuzo. Kijitu cha mstari mmoja kimebeba mlango mgongoni. Kila kinapousimamisha uwanjani, mtu anabisha hodi. Ukuta hakuna, angeweza kuzunguka tu, lakini watu wanapanga foleni.

Nikafungua mdomo.

"Nyamaza," mama akasema. "Huyu haongei."

Akacheka. "Huyu ni mimi na wageni wangu!" Akataka irudiwe. Ilipokwisha, akamgeukia mjukuu wake. "Hebu muulize mzee. Baba yake alikuwa padri kweli?"

Binti akauliza, kisha akanitazama kwa jicho ambalo silisahau. "Bibi, yule ni mwigizaji tu. Baba yake alikuwa fundi viatu. Kafa mzee kabisa, kitandani kwake."

Binti alikuwa ameshika mkono wa kiti kwa nguvu.

"Kumbe ukoo wa waongo ni wetu," mama akasema. "Mwambie posa nimeipokea, haraka, kabla hawajatujua."

Binti akamrukia bibi yake shingoni. Mkwe akanipa mkono, nami nikamweleza kwamba bila mimi mama yangu asingekubali. Huo ni ukweli mtupu.