Ulimi wa Mama Furaha

Siku ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani kabla sijaweka mkoba chini. Mama alikuwa amenifukiza udi tangu alfajiri, maana kwetu Kisenyi mtu haanzi jambo la heri bila kunukia. Meneja wa duka la jibini pale Kololo, Mholanzi mrefu asiye na haraka, alinusa mara moja akaniambia nikaoge, nirudi bila harufu yoyote. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Leo namshukuru, kwa sababu kazi yetu ya kuonjesha wageni ilianzia puani.

Nyinyi vijana mnaonunua jibini lililokatwa tayari hamkuuona utaratibu ule. Lilitolewa kwenye friji saa nzima kabla, maana likiwa baridi ladha yake hujificha. Tulianza na laini, kama Brie, tukaja kwenye Gouda iliyokomaa, tukamaliza na lile la Kifaransa lenye mishipa ya buluu, ambalo ukilitanguliza mgeni hasikii tena mengine. Katikati, mkate na maji. Mimi niliongeza swali langu la kigandishio, yaani kinachogandisha maziwa, kwa kuwa mara nyingi hutoka tumboni mwa ndama, na huenda hakuchinjwa kihalali. Meneja hakuniona msumbufu. Alinitengea rafu ya yale yaliyogandishwa kwa mimea.

Mwaka wa pili nafasi ya mwongozaji ikawa wazi. Meneja alisema atanipima siku moja tu, niwaongoze wapishi wakuu wa mahoteli. Siku yenyewe ikaangukia Ramadhani, mchana. Nilimwomba aisogeze, lakini wapishi hawakuwa na siku nyingine.

"Zuhura," aliniambia, "watu watakutazama mdomoni. Wasipokuamini, nafasi nitampa mwingine."

Nilikwenda jikoni nikalia. Kwenye sinki alikuwa Mama Furaha, Mkongo aliyekimbia vita huko Masisi na sasa akituoshea sahani. Miezi yote ile nilikuwa nimemfanyia kiburi, salamu zangu za haraka haraka. Alikuwa ameyasikia yote, akafuta mikono.

"Acha kulia, dada. Weye eleza, miye nitaonja. Baba yangu alikuwa anatengeneza jibini, mapadri ya Ulaya ndiyo walimufundisha."

Tukasimama wawili mbele ya wapishi. Mimi nilieleza nchi, maziwa na umri, nikabonyeza, nikanusa. Yeye akatafuna, macho kayafumba. Kwenye Gouda akatikisa kichwa: ilikuwa bado na baridi katikati, tungoje kidogo. Meneja akaipima, akakuta kweli. Tulipoirudia, Mama Furaha akasema ina ladha ya majani ya malisho baada ya mvua. Tulipofika kwenye lile la buluu, mpishi mmoja wa Mbarara akacheka, akasema linamkumbusha bongo ya nyanyake, maziwa yetu ya mgando. Basi kila mtu akataka kusema lake.

Nafasi nikapata. Nilimwomba Meneja nifanye kazi na Mama Furaha, naye akakubali. Kwa miaka mingi mwenzangu huyo alionja kwanza, mimi nikayapamba maneno yake kwa Kiswahili cha kwetu. Mameneja walibadilika, sisi tukabaki. Lakini kwenye kadi za duka lilichapwa jina langu peke yangu, wageni wakanisifu mimi, nami nikanyamaza. Hilo linaniuma hata sasa.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, mchana, chumba kilijaa. Mama Furaha alikata kipande cha jibini alilotumiwa na ndugu zake wa Masisi, mfano wa Gouda ya baba yake, akanipa mkononi.

"Leo miye niko kimya," akasema. "Sema weye."

Nikaonja. Neno lililonijia lilikuwa lake, lile la majani ya malisho baada ya mvua. Nilimshika mkono, ule uliochakazwa na sabuni yetu, nikawageukia wageni.

"Maneno yote mliyonisifia," nikawaambia, "yalikuwa ya huyu."