Kebo ya Jirani

Mie ndiye niliyekataa dishi. Mvua ikinyesha kidogo picha inaganda, nikamwambia mama bora tuvute kebo ya jirani kama wenzetu wote hapa Mbagala. Kumbe ukivuta kebo unaangalia anachotaka mwenye kebo! Siku ya mwisho wa tamthilia ya mama, bibi harusi anafungua mlango, mara mpira. Nikajifunga kanga, nikaenda kwake hasira zimenipanda. Nikamkuta sebuleni na mkewe, wanaangalia tamthilia ileile kwa king'amuzi kingine.

"Dada, vijana wa mtaa wanataka mpira," akasema bila haya.

Nikavua ndala, nikajitupa kwenye kochi lake, nikampigia mama simu: njoo, na uje na wenzio wote.