Kadi Niliyoivalisha Koti

Wiki ya harusi ya binti yangu nilikuwa na miaka hamsini na miwili, na nilitembea kama mtoto aliyekunywa soda tatu mfululizo. Nilihesabu viti vya kanisa, nikavihesabu tena, hesabu zikakataa kulingana, nikacheka nikaviacha. Mimi, kuacha hesabu njiani! Majirani zangu wa kambi ya Nakivale, niliowauzia ndagala, dagaa wakavu wa kwetu, miaka kumi bila kuwaongezea hata kichwa kimoja, wakajua kweli furaha imenipanda kichwani.

Lilibaki jambo moja tu, gauni. Lilikuwa la kukodi, katika duka moja la Mbarara. Wiki iliyotangulia binti yangu alilijaribu, akajigeuza mbele ya kioo, akanyamaza. Huyu mtoto hanyamazi hata usingizini. Mwenye duka alituambia kuna bibi harusi mwingine, wa mjini, anayelitaka lile lile, lakini atatushikia hadi Alhamisi saa sita mchana. Saa sita ikipita halijalipiwa, linaondoka. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Na pesa yote ya gauni ilikuwa ndani ya kadi.

Kadi zenyewe tulikuwa tumepewa karibuni, moja ya kila kitu. Ndani yake pesa, juu yake picha, jina na namba ya familia. Unanunulia, unajitambulishia, yote hayo kwa kipande kimoja kama biskuti. Binti yangu aliipenda kuliko alivyompenda mchumba, nadhani.

"Mama, weye unafichaka pesa fasi tatu," aliniambia. "Kwa kitenge, kwa kopo ya chumvi, na fasi ingine sitaitaja mbele ya batu. Kadi iko moja. Utapumzika."

Pingamizi langu lilikuwa la kibiashara. Ukiwa na noti unapatana kwa mikono. Unafungua fundo la kitenge polepole, unatoa noti, unaikunjua, unaitazama kama mtoto anayesafiri kwenda mbali, unaguna. Muuzaji anaingiwa na huruma, anashuka bei. Kadi haina fundo. Ukishaitoa, muuzaji anaamini mali ya dunia nzima imo humo, na ule uso wako wa shida uliouzoeza miaka mingi haufui dafu. Waliotengeneza kadi hawajawahi kununua nyanya.

Hata hivyo niliiwekea pesa. Wiki ya harusi nyumba hujaa mashangazi, na shangazi anayepanga vyombo hufungua kila kopo.

Kosa nililofanya baada ya hapo ni la kwetu sisi wakimbizi, sidhani kama wenye nyumba za bati wangelifanya. Mwaka wetu wa kwanza kambini tulilala chini ya turubai, mvua ikaingia, cheti changu cha ubatizo kikageuka uji. Tangu siku ile, karatasi yoyote ikiingia nyumbani kwangu naipeleka laminesheni: inawekwa katikati ya nailoni mbili, inapita kwenye mashine ya moto, inatoka ngumu inang'aa. Nimefanya hivyo kwa vyeti, kwa risiti ya jembe, hata kwa picha ya ng'ombe tuliyemwacha Kivu. Basi kadi ilipofika, nayo nikaipeleka.

Mwenye mashine, baba mmoja Mrundi mpole, aliigeuza geuza. "Lakini mama, hii tayari ni plastiki."

"Na wewe umevaa shati. Hilo koti la nini?"

Alicheka, akanipunguzia nusu ya bei. Nilirudi nyumbani nikijisifu njia nzima.

Alhamisi saa tano na nusu tulikuwa dukani Mbarara. Kwenye kiti cha plastiki alikaa mama mnene akitafuna karanga na kutazama saa ya ukutani. Ndiye shangazi wa yule bibi harusi wa mjini. Alitusalimia kwa adabu kubwa ya mtu anayesubiri uanguke. Nami nilikuwa nimefunga kadi ndani ya fundo la kitenge, nikaifungua polepole, nikaguna, na nasema kweli, mwenye duka akashuka kutoka laki mbili hadi laki na sitini. Nilitaka kuruka. Akaichukua kadi, akaisukuma kwenye mashine, akaitoa, akaisukuma tena.

"Nyabo," aliniita kwa heshima ya huko, "hii kadi yako ni nono. Haiingii."

Binti yangu aliikodolea macho. "Mama! Ni nani alikuambia uivalishe koti?"

"Nimeikinga na mvua."

"Mvua ya wapi? Iko ndani ya kitenge!"

Shangazi wa karanga akaitazama saa. Dakika kumi na nane. Nilizihesabu tena, zikawa kumi na saba.

Mwenye duka alileta mkasi, binti yangu akampigia kelele asikate, kwa sababu kile kipande kidogo cha rangi ya dhahabu kinachosomwa na mashine kilikuwa karibu na ukingo. Ndipo kicheko kikanishika, kile kibaya cha kanisani, kisichojua aibu. Nyuma ya pazia kulikuwa na saluni, na kupitia pazia nilisikia mashine ya kukaushia nywele ikivuma. Joto liliibandika, joto litaibandua! Nikaingia humo na kadi mkononi.

"Dada, nikaushie huyu mteja."

Msusi alimwacha mtu, nusu ya kichwa chake imelowa. Akaipuliza kadi kama nywele za malkia, akauliza kama naitaka na mafuta, saluni nzima ikaangua kicheko. Nailoni ikalainika, ikaanza kujikunja pembeni. Tukaivuta polepole, msusi upande wake, mimi wangu. Ikatoka nzima. Na uso wangu ukatoka nayo.

Picha, jina, kila kitu kilichoandikwa juu kiling'oka na ile nailoni. Mkononi nikabaki na kadi nyeupe kama yai, ila dhahabu yake ipo. Binti yangu akaipokonya, akakimbia nayo dukani. Mashine ikafikiri. Ikafikiri tena. Ikatoa risiti. Saa sita kasoro dakika nne! Shangazi wa karanga alisimama, akajipangusa maganda, akasema, "Mungu awabariki," kwa sauti ya kutubariki nusu.

Njiani kurudi, kwenye barabara ya Isingiro, gari letu lilisimamishwa na polisi.

"Mama, leta kitambulisho."

Nikampa. Akakitazama mbele, nyuma, tena mbele. "Hii mtu iko wapi? Sura iko wapi?"

"Afande, sura imebaki saluni."

Binti yangu alificha uso ndani ya gauni alilolipakata. Lakini mimi situpi kitu nilichokilipia. Nikafungua fundo la kitenge, nikatoa ile nailoni, nikaiweka juu ya kadi, nikaishikilia karibu na shavu. Uso wangu ulikuwa na mkunjo, pua imehama kidogo. Afande alizilinganisha pua zote mbili, midomo ikamtetemeka, akageukia upande wa migomba, mabega yakicheza. "Enda, mama. Enda tu. Jumatatu utafute ingine."

Mashangazi nyumbani waliuliza kama kadi ya kila kitu ni kitu kizuri. Niliwaambia ni nzuri sana siku ikiwa nzima. Ikiugua, wewe pamoja na pesa yako na jina lako mnaugua siku moja. Kwa hiyo pesa yangu sasa nimeigawa: nusu kwenye kadi, nusu fasi tatu, na ile ya tatu bado haitajwi.

Jumamosi alfajiri nilimfunga binti yangu vifungo vya mgongoni. Alijitazama kiooni, akanyamaza tena. Vifungo vilikuwa ishirini na viwili. Nilianza kuvihesabu mara ya pili, nikafika tisa, machozi yakavichanganya, nikaviacha.