Pampu ya Kipaza na Mguu wa Mama Mkubwa

Kipaza aliitwa Kipaza tangu chuoni, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Akikusalimia kutoka ng'ambo ya barabara, unaitikia wewe na duka zima. Akikuambia siri, ujue mtaa umeshirikishwa. Na huyu huyu ndiye mhandisi aliyechukia kelele za mashine kuliko mtu yeyote katika karakana yao ya vifaa vya hospitali, chumba chenye meza mbili ndefu, feni inayozunguka inapojisikia, na dirisha linalotazama chumba cha kufulia mashuka.

Kazi yake yeye na mwenzake ilikuwa kutengeneza pampu ya kunyonya vidonda. Si uchawi. Kidonda kikubwa kilichogoma kufunga hujazwa sponji safi, juu yake hubandikwa plastiki nyembamba inayonata, kisha mrija hutoka hapo hadi kwenye pampu. Pampu huvuta hewa na majimaji machafu mchana kutwa na usiku kucha, na nyama mpya hupata nafasi ya kuota kutoka chini. Kichwa kinauma unapofika kwenye pampu yenyewe. Ukiipa nguvu, inapiga kelele na kula betri. Ukiiwekea betri kubwa, inakuwa mzigo wa kubeba. Ukiifanya ndogo na nyepesi, inakuwa na adabu zake lakini pumzi haina: hewa ikipenya kidogo tu pembeni mwa plastiki, imeshindwa. Mshika mawili moja humponyoka, na wao walikuwa wameshika matatu.

Kipaza alichagua utulivu, na hakuchagua kwa maringo. Siku moja wodini alimkuta mzee amezima mashine yake, ile ya zamani inayonguruma, kwa sababu wagonjwa wenzake walilalamika naye akaona haya. Kidonda kilichokuwa kimeanza kujaa kikarudi kulekule. Kipaza alitoka amekunja uso, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari ya pampu inayosikika. Hata kengele ya kuonya aliikataa. Badala yake aliweka taa ndogo nyekundu, iwake hewa inapovuja.

Mwenzake, bwana mmoja mnene waliyemwita Taratibu kwa jinsi anavyokaza skrubu, alipenda pampu kubwa. Alisema kidonda hakina masikio. Kipaza akaibatiza pampu ya mwenzake jina la mashine ya kukoboa, na kila aliyeingia karakanani alipewa taarifa hiyo hata kama alikuja kuazima bisibisi. Taratibu alitabasamu tu na kuendelea kukaza.

Basi pasi ikamwangukia Mama Mkubwa.

Huyu ni dada wa mama yake Kipaza, na ndiye aliyemlea. Alimsomesha kwa cherehani, katika chumba cha mbele cha nyumba wanayoishi hadi leo, chenye vitambaa hadi chini ya kitanda. Ana kisukari. Pasi ilimwangukia juu ya mguu wa kulia, mguu wa kukanyagia cherehani, naye akaufunga kitambaa akaendelea kushona sare za shule kwa kuwa alikuwa ameahidi. Alipokubali kwenda hospitali, kidonda kilikuwa kimeshachimba. Daktari hakuzunguka mbuyu. Nyama isipoota upesi, alisema, vidole viwili vitakatwa, na huenda kisu kisiishie hapo.

Mama Mkubwa alimjibu kwamba vidole vyenyewe ni vibaya na havijawahi kupendeza kwenye kiatu. Daktari akacheka. Kipaza hakucheka, maana alimjua mama yake huyu: akiogopa ndipo anapotania. Akaomba ruhusa ya kumfunga pampu yake mpya, aende nayo nyumbani. Daktari akakubali, akasema wakirudi kliniki ndipo ataamua juu ya vidole.

Pampu ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni. Mama Mkubwa aliificha kwenye mkunjo wa khanga akapokea wateja wake kama kawaida, na hakuna aliyejua kwamba mwenye nyumba amefungwa mashine. Kipaza alimtembeza Taratibu hadi nyumbani, akamkalisha kitini, akamwambia asikilize. Hapakuwa na la kusikiliza. Alifurahi kuliko siku aliyofaulu mitihani.

Walipokwenda kliniki, Daktari aliinua sponji na uso wake ukabadilika. Kidonda kilikuwa kimelowa, kinanuka, na nyama mpya hakuna. Daktari akaitazama plastiki, akauliza ni nani aliyeikata.

Ni Mama Mkubwa, na alijibu bila wasiwasi wowote. Manesi waliibandika imezidi pembeni, ncha huku, mkunjo kule, kazi ya ovyo kabisa. Yeye macho yake hayavumilii kitu kisichopunguzwa. Akachukua mkasi wake mkali akaizungushia vizuri, ikabaki upana wa pindo. Kwa macho ilipendeza kweli. Ila pindo hilo halikuweza kushika, na hewa ikawa inapita kama imefunguliwa mlango.

"Na taa?" Kipaza aliuliza. "Taa nyekundu haikuwaka?"

"Iliwaka siku zote," alisema Mama Mkubwa. "Pasi yangu nayo ikiwaka nyekundu ndiyo inafanya kazi."

Hapo Kipaza alipaza sauti, na korido nzima ikajua habari za plastiki, mkasi na pasi. Alisema wanasemaga asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mbona hawasemi lolote juu ya mkuu asiyesikia la mdogo. Watu wawili waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mama Mkubwa alitazama mguu wake, akavuta khanga juu yake. Daktari akawapa hadi kliniki inayofuata, na akasema hiyo ndiyo ya mwisho.

Kipaza alifika karakanani bado ana hasira, akaanza kumweleza Taratibu jinsi watakavyoandika onyo kwa herufi kubwa: usikate. Katikati ya maelezo akaona onyo halitatosha. Huyu akikatazwa kukata, yule atatoa jasho plastiki ibanduke. Mwingine atajikuna. Mwingine ana mjukuu wa kumrukia. Pampu yake ilitaka mgonjwa atulie kama picha ukutani, na mgonjwa wa namna hiyo hajazaliwa. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa, kwa sababu vidole vilivyokuwa hatarini vilikuwa vya mtu aliyemlea.

Akaomba apewe mashine ya kukoboa.

Taratibu aliisukuma juu ya meza hadi mbele yake. Mabega yalimtikisika kidogo kwa kicheko. Wakaifanyia kazi pamoja. Waliikalisha juu ya mipira ya friji mbovu isitetemeshe, wakaipanga ivute kwa nguvu mpaka ifike kipimo halafu ipumzike, na hewa ikivuja iamke yenyewe ifukuzane nayo. Taa ikaondolewa, ikawekwa kengele. Betri ikaongezeka na uzito ukaongezeka nao. Kelele ilipungua, lakini haikwisha, na Kipaza hakuwa na ujanja mwingine.

Nyumbani pampu ilikoroma. Mama Mkubwa aliishonea mkoba wa begani wenye bitana nene, na bado wateja waliuliza kama amenunua friji. Alilalamika kwa kila aliyeingia, kwa raha zote, kwamba amelea mtoto akamsomesha ili aje amfunge mashine ya kusaga. Kengele ilipolia aliibonyeza plastiki kwa kidole gumba hadi inyamaze. Mkasi aliuweka mbali.

Kipaza alikaa naye alasiri moja, akamtazama anavyohamisha mkoba kutoka bega hili hadi lile, akashindwa kuvumilia.

"Mama, nisamehe. Ile ya kwanza nilitaka ulale vizuri."

"Kulala nitalala tu, mwanangu. Wakishanikata vidole nitalala hadi mchana." Mama Mkubwa aling'ata uzi. "Mimi nataka kushona."

Miezi yote ile Kipaza alikuwa amekisia mgonjwa anataka nini, na mgonjwa anakaa naye nyumba moja.

Siku ya kliniki Mama Mkubwa hakutania hata mara moja, na Kipaza alitamani atanie. Daktari alibandua plastiki polepole, akainua sponji, akainama karibu. Chini palikuwa pekundu, safi, pamejaa karibu na ngozi. Akabonyeza hapa na pale. Kisha akasema hakuna kitakachokatwa. Cherehani isubiri kidogo, ila mguu ni wake, arudi nao nyumbani.

Mama Mkubwa alimwomba Daktari atazame tena, kuhakikisha. Akachezesha vidole, vyote vitano, kimoja kimoja.

Kipaza alipiga magoti palepale sakafuni, akaushika mguu ule kwa mikono miwili, akalia kwa furaha bila kumjali nesi wala foleni mlangoni.

"Inuka, mwanangu, watu wanatutazama," Mama Mkubwa alisema. Lakini mguu hakuuondoa.