Mstari Mwekundu wa Mbao

Shemeji yangu, mjane wa kaka yangu, alikuja Kampala kutoka Eldoret na swali moja: afungue duka la mbao mtaa wa Nateete, au arudi alikotoka? Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha. Mwenye kiwanja alikubali kumngoja mpaka Ijumaa, na watoto wake watatu walikuwa kwa bibi yao wakisubiri mama apate pa kuanzia.

"Wewe ndiye uliyesoma," akaniambia. "Niangalizie."

Basi nikavimba kichwa! Nilikuwa karani wa takwimu za forodha, na kwetu makarani, neno lisilo na jedwali ni umbea tu. Nikachukua karatasi ya miraba na penseli mbili, nyekundu ya Uganda na bluu ya Kenya, nikachora thamani ya mbao laini, zile za paini na saiprasi, ambazo kila nchi iliagiza kutoka nje mwaka hadi mwaka. Mstari wa bluu ulitambaa tu. Mwekundu ulipanda, ukapanda, halafu ukaporomoka mpaka chini kabisa.

"Unaona, shemeji? Waganda wameacha kununua mbao. Rudi nyumbani."

Aliutazama sana. "Lakini nyumba nilizopita njiani hazina paa."

"Hayo ni ya njiani. Hii ni thamani," nikamjibu. Mungu wangu, nikiikumbuka sauti yangu ya siku ile naona haya mpaka leo.

Alhamisi akaenda kumwambia mwenye kiwanja asimngoje tena.

Jumamosi nilikwenda Nateete kutafuta mbao za kitanda, nikakuta watu wamejazana mbele ya duka tupu. Askari mmoja wa kaskazini, aliyekuwa akimjengea mama yake, akanicheka. "Ndugu, mbao imekwisha. Watu iko mingi, lori iko moja. Wewe ngoja kama sisi."

Nikangoja kwa hasira. Nikatoa noti mfukoni ninunue ndizi, noti mpya kabisa, na hapo moyo ukanilipuka. Serikali ilikuwa imebadilisha pesa na kukata sifuri mbili! Mimi mwenyewe nilipanga foleni benki kubadilisha zangu, nikililaani jua. Kisha nikakaa mezani, nikaunga miaka ya shilingi za zamani na miaka ya shilingi mpya kwa mstari mmoja, kana kwamba hakuna lililotokea. Zilizopungua ni sifuri. Mbao zilikuwa zikigombewa.

Nilirudi mbio Kabalagala, tulikokaa. Nikamkuta anafunga mizigo. Nikamweleza yote, nikitamani anitukane.

"Kiwanja kimeshapata mtu," akasema. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Nisamehe, shemeji."

"Nilianza kuhesabu nyumba zisizo na paa pale Busia. Kufika Jinja nikachoka kuhesabu. Macho yangu yaliniambia kweli, nikayanyamazisha kwa sababu wewe ulikuwa na penseli."

Nikamsaidia kukaza kamba ya mzigo.

"Ile karatasi iko wapi?" akauliza.

"Ya nini tena? Nitaichoma."

"Hapana, nipe. Watoto wataniuliza kwa nini nimerudi."

Nikampa. Akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye mkoba, juu ya jozi tatu za viatu vidogo alizokuwa amenunua kwa ajili ya siku watoto watakapohamia.