Ukurasa Niliouruka

Siku hiyo haijanitoka, mwanangu, na leo umeniamshia upya uliponiuliza ni diwani zipi na vitabu gani vya makala vya siku hizi vinafaa kusomwa. Umeniwekea vinne hapa mezani, vyote vipya, na unataka mimi, mwalimu mstaafu wa Bariadi mwenye miwani iliyofungwa uzi, nikuchagulie. Nitakuchagulia. Ila kwanza nikwambie nilivyomkosea bibi yangu kwa kumchagulia.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo cha ualimu, na nilijiona nimesoma kwelikweli. Nikaja likizo nyumbani Shishiyu wakati pamba imevunwa, imejaa chumba kizima mpaka pa kulala pakawa shida. Ninyi mnaiona pamba ikiwa kwenye lori tu. Sisi tulikaa chini tukaichambua kwa mkono, ile nyeupe safi huku, na ile yenye madoa na majani, tuliyoiita fifi, kule. Bibi, mama mzazi wa baba yangu, alikuwa fundi wa kazi hiyo. Mimi mgongo uliniuma mapema, nikatafuta hila: nikamwambia yeye achambue, mimi nimsomee kitabu.

Ilikuwa diwani nyembamba, iliyokuwa imetoka siku hizo hizo, nimeiazima kwa mwenzangu chuoni. Bibi alijua Kiswahili cha mnadani tu, cha kuuliza bei ya ng'ombe na kuagana. Kwa hiyo nilisoma kila shairi kwa Kiswahili, kisha nikalisema kwa Kisukuma kadiri nilivyoweza. Shairi la mvua alilipenda. La mwanamume anayesifu ng'ombe wake kuliko mke wake lilimchekesha mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akasema huyo mtu anamjua na anakaa jirani.

Nikafunua ukurasa mwingine. Macho yangu yakatangulia, nikaona ni habari ya mama anayetembea mwaka wa njaa kwenda kutafuta mtama, mtoto mgongoni. Mtoto anafia njiani, na mama anaendelea kutembea kwa sababu anaogopa kuifungua khanga. Nikajisemea, haya si ya kumsomea mzee mchana kweupe. Ameshaona mengi, mwache acheke. Nikaupitisha ukurasa huo kimyakimya, nikaanza shairi lingine la harusi.

Bibi hakuinua hata kichwa. "Umefunua karatasi na hujasema kitu," alisema.

Nikamwambia hapakuwa na kitu cha maana pale. Ndiyo, nilimdanganya bibi yangu, mchana, huku nikimtazama.

Vidole vyake vikasimama. "Mjukuu wangu, mimi nachambua pamba. Wewe unanichambua mimi. Nani kakwambia kipi kinanifaa na kipi fifi? Rudi pale."

Sauti haikupanda, lakini niliona aibu hadi masikioni. Nikarudi. Nikasoma kwa Kiswahili, nikasema kwa Kisukuma, polepole, nikikwama kila mstari, mpaka mwisho. Nilipomaliza nilimwona ameweka mikono yote miwili juu ya pamba, hachambui.

"Huyu aliyeandika," aliniuliza, "ni wa wapi?"

Nikamwambia ni mtu wa mbali, hajawahi kufika huku kwetu.

"Sasa nani alimwambia?"

Sikuelewa. Akasema yeye alitoka hapa kwenda Mwandoya mwaka wa njaa, akiwa mke kijana, na alirudi na mtama kichwani na mtoto mgongoni, na mtoto alinyamaza kabla hawajafika nusu ya njia. Hakumfungua mpaka nyumbani. Alijua, na hakumfungua. Tangu hapo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza ile njia ilikuwaje, na yeye hakuona pa kuanzia kuisema. "Aliitwa Kabula," alisema. "Alikuwa ameanza kucheka."

Baba yangu alikuwa mlangoni. Alikuwa ameleta mzigo mwingine wa pamba kwa baiskeli na sisi hatukumsikia. Mwanangu, baba yangu alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na maisha yake yote aliitwa mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Akauliza, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Mama, Kabula ni nani?"

"Ni dada yako."

Baba akakaa chini palepale juu ya mzigo. Mimi nimeshika kile kijitabu chepesi, nakitazama kwa hofu na heshima ambayo sijawahi kuwa nayo kanisani. Ukurasa mmoja wa mtu asiyetujua ulikuwa umemrudisha mtoto nyumbani kwetu, na mimi nilikuwa karibu nimfungie mlango. Hilo swali la bibi, nani alimwambia, nimelibeba miaka yote niliyofundisha mashairi.

Basi sikiliza, mwanangu. Vitabu vyako nimevisoma vyote. Mashairi ya yule nesi kuhusu wodi ya wazazi, yasome. Makala za kijana aliyemuuguza baba yake mlevi, zisome, hata anapokutia aibu. Kile cha ukame nimekirudia mara mbili. Cha nne kimeandikwa vizuri, ila sikuona hata mahali pamoja nilipotamani kuruka, kwa hiyo hicho subiri ukose kazi. Mimi kipimo changu ndicho hicho. Na ukimsomea mtu mwingine, usimkadirie moyo wake. Msomee chote, kisha unyamaze umsikilize, kwa maana hujui nani anangoja ukurasa gani.

Mungu akupe macho yasiyochoka, akupe na mtu wa kumsomea. Baba yangu aliishi miaka mingi baada ya siku ile, na kila alipoulizwa kwao yeye ni wa ngapi, alijibu, "Mimi ni wa pili."